Volti zinazopotea njiani: shajara ya mradi wa saketi ya pampu ya petroli, Wete

Shajara hii inahusu kazi tunayoifanya katika gereji yetu ndogo hapa Wete, mimi pamoja na vijana wanaojifunza umeme wa magari. Gari lenyewe ni Toyota RAV4 ya kizazi cha kwanza, yenye injini ya 3S-FE ya lita 2.0, na mwenyewe ni mzee wa Konde anayelitumia kupeleka ndizi na muhogo Chake Chake na kurudi na bidhaa za duka lake. Lengo la mradi ni kupata sababu ya gari hilo kuzima njiani, kwa sharti kwamba hakuna kifaa kitakachobadilishwa kabla ya kipimo kukitia hatiani.

Jumamosi

Gari limefika likijiendesha lenyewe, jambo ambalo kwa hitilafu ya namna hii ni bahati mbaya, kwa sababu gari zima halisemi linaumwa wapi. Maelezo ya mzee yalikuwa mazuri kuliko ya wateja wengi. Asubuhi linawaka kwa stata moja na linakwenda vizuri. Likishapata moto na likiwa na mzigo, hasa kwenye vilima, na Pemba huwezi kwenda popote bila kupanda kilima, linaanza kukosa nguvu, linakohoa, kisha linazima. Akilipumzisha chini ya mwembe kiasi cha nusu saa, linawaka tena kama halijawahi kuwa na neno.

Pampu imekwisha kubadilishwa miezi kadhaa nyuma katika gereji nyingine, pamoja na filta ya petroli. Mzee aliagiza pampu kutoka Unguja, ikaja kwa boti, ikafungwa, gari likatulia kwa muda mfupi, kisha ugonjwa ukarudi vilevile. Sasa ameambiwa anunue nyingine kwa kuwa ile ilikuwa "feki".

"Fundi mwanangu," aliniambia, "mimi sikatai kununua, lakini nataka anayeniambia ninunue awe amekwisha kuona, siyo anakisia."

Ombi hilo ni la haki. Katika magari haya pampu ndiyo inayofanywa mchawi wa kila kitu, kwa sababu ndiyo inayosikika ikilia na ndiyo yenye bei. Waya, fyuzi, rilei (swichi inayovutwa na umeme) na skrubu ya athi (inayofunga kwenye bodi waya wa kurudisha umeme betri) hazilii wala haziuzwi kwa bei kubwa, basi hakuna anayezishuku.

Kabla ya kugusa spana niliwachorea vijana saketi nzima ubaoni. Umeme unatoka betri, unapita kwenye fyuzi ya EFI (mfumo wa petroli unaoongozwa na kompyuta) ya ampea 15 na rilei kuu, unafika kwenye rilei ya pampu, kisha waya mmoja mrefu unateremka chini ya zulia mpaka nyuma kwenye tangi. Ukishazungusha mota ya pampu, unarudi betri kwa kupitia athi ya bodi. Rilei ya pampu ina koili mbili. Ya kwanza inavutwa na umeme wa stata wakati ufunguo unapopigwa, na ya pili inavutwa pale kompyuta ya injini inapoipa athi kwa waya unaoitwa FC, na kompyuta haifanyi hivyo mpaka ipate mapigo kutoka distribyuta (kigawa moto wa plagi) yanayoonesha kwamba injini inazunguka. Mpango huu umewekwa kwa ajili ya usalama: injini ikizima kwa ajali, pampu nayo inanyamaza, hata kama ufunguo umebaki umewashwa.

Mpango huo pia unamsaidia fundi. Gari linalowaka ufunguo ukiwa kwenye stata, kisha likazima mara tu unapouachia ufunguo, linakuambia kwamba koili ya stata inafanya kazi na ya FC haifanyi, na hapo unakwenda moja kwa moja kwenye waya wa FC, distribyuta au kompyuta. Gari la mzee halina dalili hiyo. Njia moja imefutwa ubaoni bila kufungua hata skrubu.

Jumapili

Kazi ya leo ilikuwa kutenganisha moto wa plagi na mafuta, maana gari linalozima likiwa na joto linaweza pia kuwa na koili ya plagi iliyochoka. Tulifunga geji ya presha kwenye mrija wa petroli, tukiwa na mtungi wa kuzimia moto pembeni na betri ikiwa imefunguliwa athi wakati wa kufungua mrija. Kwa injini hii, mpira wa hewa wa regyuleta (kidhibiti cha presha ya petroli) ukitolewa na kuzibwa, presha inatakiwa iwe kati ya kilopaskali 265 na 304, yaani paundi 38 hadi 44 kwa inchi ya mraba kwa geji nyingi zilizopo mikononi mwetu. Tulipata 40. Injini ilikaa kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, muda mrefu, feni ikawaka na kuzima, na presha haikutikisika. Tungeishia hapo, tungemwambia mzee gari lake ni zima.

Sailensa haitoshi, kwa kuwa injini ya gari lililosimama haichomi petroli nyingi na pampu dhaifu inaweza kuiridhisha. Hata hivyo geji ya petroli haiingizwi ndani ya gari linalotembea. Mpira ukichomoka, dereva anakaa ndani ya mvuke wa petroli. Kwa hiyo barabarani tutapima volti badala ya presha.

Tuliifikia soketi ya pampu juu ya tangi, na hapo tukaona jambo ambalo mzee hakuwa na habari nalo. Yule aliyefunga pampu mpya alikuta plagi yake haifanani na soketi ya gari, akaikata, akazisokota nyaya kwa mkono na kuzizungushia tepu nyeusi. Tepu ilikuwa imelegea na gundi yake imegeuka utelezi. Vijana walitaka kuibandua papo hapo, nikawazuia. Kiungo kibovu ambacho hakijapimwa ni tuhuma tu, na ukishakigusa umeharibu ushahidi.

Tulichomeka pini nyembamba nyuma ya soketi, bila kutoboa mpira wa waya, kwa kuwa tundu la sindano katika hewa ya chumvi ndilo mlango wa kutu. Kutoka kwenye pini hizo tulivuta nyaya ndefu hadi kiti cha mbele, na karibu kabisa na soketi tukaweka fyuzi ndogo ya ampea 1 kwenye waya wa chanya, ili waya ukikwaruzwa na kugusa bodi, fyuzi ikatike badala ya cheche kuruka juu ya tangi. Mita ya pili tuliiunganisha na betri.

Jumatatu

Tumelibebesha gari magunia ya mchanga, tukashika barabara ya Konde saa sita mchana ili jua nalo lichangie. Kijana mmoja alikaa mbele na mita mbili mapajani akisoma kwa sauti, mwingine akiandika.

Mwanzo wa safari betri ilisoma volti 13.8 na pampu 11.6. Tofauti ya volti 2.2 ni kubwa tangu mwanzo, lakini gari lilikwenda. Kadiri lilivyopata moto, namba ya betri ilibaki palepale na ya pampu ikawa inashuka taratibu: 11.2, 10.9, 10.5. Kwenye kilima kirefu kabla ya kuingia Konde kijana alisoma 9.8, na sote tukasikia injini ikivuta pumzi. Alipotamka tisa na nukta, injini ilizima, nikaliegesha gari pembeni.

Hapo ndipo tulipopata jibu la swali la mzee, kwa nusu yake. Betri na altaneta havina kosa, kwa kuwa 13.8 haikutetereka. Pampu haina kosa la kuthibitika, kwa kuwa pampu ya namna hii haiwezi kutarajiwa kusukuma mafuta ipasavyo kilimani kwa volti tisa. Volti zaidi ya nne zinapotea njiani, baina ya betri na tangi, na upotevu unaongezeka kwa joto. Kiungo chenye ukinzani kinapopitisha mkondo kinapata moto, moto unaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza moto. Ukilipumzisha gari chini ya mwembe, kiungo kinapoa na hadithi inaanza upya.

Jumanne

Leo ilikuwa siku ya kugawanya upotevu, na ndiyo sehemu niliyotaka vijana waione kwa macho yao.

Kijana wa kwanza alichomoa soketi ya pampu, akaunganisha tundu la +B (umeme kutoka rilei kuu) na la FP (waya wa kwenda pampu) katika kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, akawasha ufunguo na kupima kwenye soketi iliyo wazi. Alipata 12.4, sawasawa na betri. "Maalim, mita inasema umeme upo wote." Kisha akazima ufunguo, akabadili mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani, akapima waya kutoka FP hadi nyuma na kupata 0.6, akagusanisha ncha za mita zenyewe na kupata 0.3. Akasema waya ni mzima.

Vipimo vyote viwili ni vya kweli na vyote viwili havina faida hapa. Mpira wa maji uliokanyagwa, bomba la mwisho likiwa limefungwa, unaonesha presha kamili mwisho wake. Unapofungua bomba ndipo unapojua kwamba umekanyagwa. Waya wenye uzi mmoja tu wa shaba uliobaki utasoma volti zote kama hakuna mkondo unaopita. Na kwa upande wa omu, pampu ya gari hili tuliipima kwa kuiweka mita kwenye ampea 10, mahali pa waya wa kuunganisha +B na FP, ikasoma ampea 4.6. Kwa mkondo huo, kila omu 0.3 inakula karibu volti 1.4. Yaani tofauti ile ile ambayo kijana aliiona ni ndogo, inayofichwa na ncha za mita ya bei nafuu, ndiyo inayotosha kulizima gari kilimani.

Ili waamini, nilichukua balbu ya taa ya mbele ya wati 55. Wati 55 kwa volti 12 ni ampea 4.6, mzigo uleule wa pampu. Tuliiunganisha badala ya pampu kwa nyaya ndefu, balbu yenyewe ikiwa nje ya gari, mbali na tangi na juu ya upepo, kwa kuwa kioo chake kinaunguza. Tulipowasha, taa iliwaka rangi ya manjano iliyochoka, na volti 12.4 za soketi iliyo wazi ziliporomoka hadi 9.7. Kisha nikamwambia kijana abane kwa vidole ile tepu nyeusi. Taa ikang'aa. Akaachia, ikafifia. Alirudia mara kadhaa akiitazama kama mtoto anayechezea swichi, na sikumkataza, maana somo hilo siwezi kulifundisha ubaoni.

Baada ya hapo tulirudisha pampu, tukawasha injini na kuiacha ipate moto, kisha tukapima kipande kwa kipande. Kanuni ni kuweka ncha moja ya mita mwanzo wa kipande na nyingine mwisho wake, saketi ikiwa inafanya kazi. Kinachosomeka ndicho kinacholiwa na kipande hicho. Betri ilisoma 13.8 na pampu 10.3, maana yake zinazotafutwa ni 3.5. Kutoka chanya ya betri hadi FP zilipotea 0.6. Waya mrefu chini ya zulia ulikula 0.2, kiasi ambacho naukubali kwa urefu wake. Kiungo cha tepu kilikula 1.4. Upande wa athi, kutoka hasi ya pampu hadi hasi ya betri, zilipotea 1.3, na karibu zote zilikuwa kwenye skrubu moja ya bodi huko nyuma. Ukizijumlisha zinatimia 3.5, na hesabu ikifunga namna hiyo unajua hakuna mwizi mwingine aliyejificha.

Ningependa mafundi wenzangu waitazame ile 1.3 ya athi. Wengi wetu tunapima chanya tu, tukipata nzuri tunageukia pampu. Lau kiungo cha tepu kingerekebishwa peke yake, gari lingetulia wiki chache kama lilivyotulia baada ya pampu mpya, kisha lingerudi.

Alhamisi

Ukarabati. Betri ilifunguliwa, madirisha na milango ikaachwa wazi, na hakuna kilichokuwa na moto kilichokaribia tangi, iwe pasi ya kuchomelea risasi au kibiriti. Kwa sababu hiyo kipande kipya cha waya chenye soketi inayoingiliana na pampu tulikitengeneza mezani, kwa waya wa magari wa nyuzi nyingi wa milimita za mraba 2.5. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene haufai hapa hata kama unapatikana duka la jirani. Mtikisiko unauvunja ndani ya mpira wake na hutauona.

Tulipokata kile kiungo cha zamani, shaba ilikuwa ya kijani mwanzo, nyeusi kidogo mbele, na ilitubidi tukate karibu shibiri nzima kabla ya kukuta nyuzi zinazong'aa. Maji ya chumvi yanatambaa ndani ya mpira kama utambi wa taa, na anayeunganisha juu ya shaba nyeusi anaunganisha hitilafu. Tepu kwa ndani ilikuwa na alama ya kuungua ukubwa wa kucha. Volti 1.4 kwa ampea 4.6 ni zaidi ya wati 6 za joto, zimefungiwa ndani ya tepu, juu ya tangi la petroli. Mzee alipooneshwa kipande hicho alikaa kimya kidogo, akaomba akichukue.

Kiungo kipya kimewekwa ndani ya gari, mbali na tangi, kwa kubanwa kwa koleo lenye meno ya kazi hiyo na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani. Wapo wanaopenda risasi, nami sina ugomvi nao, ila sehemu inayotikisika naona waya uliobanwa vizuri unadumu kuliko uliokakamazwa kwa risasi.

Skrubu ya athi ilifunguliwa. Chini yake palikuwa na rangi ya bodi iliyopakwa wakati fulani gari lilipopigwa rangi upya, na kutu imejijenga baina ya rangi na kikuku cha waya. Tulikwangua mpaka chuma kikawa cheupe, tukabadilisha kikuku, tukakaza, na baada ya kukaza ndipo tukapaka mafuta ya mgando juu. Mafuta yanapakwa mwisho ili kuzuia maji. Yakipakwa kwanza yanakaa katikati ya vyuma viwili.

Zile 0.6 za upande wa mbele zilikuwa kwenye miguu ya fyuzi ya EFI kwa sehemu kubwa. Fyuzi mpya ya ampea 15 ileile na kusafisha tundu lake vilizirudisha hadi 0.3. Rilei ya pampu haikuguswa. Kijana aliuliza kwa nini tusiibadilishe kabisa wakati tumekwisha kufungua. Nilimjibu kwamba haijakutwa na kosa, na rilei ya asili iliyo nzima ni bora kuliko mpya isiyojulikana.

Kisandukuni tulikuta pia kipande cha waya kimekunjwa tayari, ncha zake zimechunwa, kimeachwa na mtu kwa ajili ya kuunganisha +B na FP gari likizima njiani. Tumekitoa. Kuunganisha hivyo gerejini ni kipimo; kuliendesha gari hivyo ni kuondoa ulinzi wote wa rilei, kwa sababu gari likipinduka, pampu itaendelea kumwaga petroli kwa muda wote ufunguo ukiwa umewashwa.

Jumamosi

Magunia yaleyale, kilima kilekile, saa ileile ya mchana. Pampu ilianza na 13.2 na haikushuka chini ya 13.1 mpaka Konde na kurudi, betri ikiwa 13.8. Skrubu ya athi sasa inakula 0.1, kiungo kipya hakifiki hata hapo. Presha gerejini ni paundi 41. Mkondo wa pampu umeongezeka kidogo, jambo lililomtia wasiwasi kijana mmoja. Mota inayopata volti zake inazunguka kwa kasi yake, na kasi hiyo inahitaji mkondo.

Mzee alikuja na pampu ya zamani ndani ya mfuko, akauliza kama ilikuwa mbovu kweli. Tulipima koili yake ikasoma omu 1.1, ambayo imo ndani ya kiwango cha Toyota cha 0.2 hadi 3.0, lakini nilimwambia wazi kwamba kipimo hicho kinaonesha tu kwamba waya za ndani hazijakatika, hakisemi lolote kuhusu nguvu ya kusukuma. Hatukuizungusha kavu, kwa kuwa pampu hizi zinapozwa na petroli inayopita ndani yake na kuilisha volti bila mafuta ni kuiua. Ameondoka nayo.

Kilichobaki ni mvua. Masika ikianza, maji ya barabarani yatafika kwenye skrubu ile ya athi, na mzee amekubali kulileta gari tena litakapokuja kubadilishwa oili. Vipimo vya leo vimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha fyuzi: betri 13.8, pampu 13.1, presha 41. Pampu ikisoma chini ya 12.5 na betri iko palepale, tutaanzia nyuma, kwenye athi, kisha fyuzi, na pampu itaachwa mwisho.